Mbu na Mama Ana Ofeli

Jirani aliyehamia nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, hapa Goma, ni mtu wa Walikale. Nilijua kabla hajafungua kinywa. Kila jioni, kufukuza mbu, anachoma makapi ya ngazi, yale machicha yanayobaki ukishakamua mafuta ya mawese, na moshi wake una harufu ya mafuta yaliyosahauliwa motoni na ya nguo iliyolala na jasho. Watu wa kwa mjomba wanakohoa, wanalaani, wanafunga madirisha. Mimi nakaa kimya, na kwangu kimya ni ugonjwa. Mwalimu wetu wa fizikia alishasema siku nikinyamaza somo zima, waite padri kwanza, halafu muganga.

Moshi huo unanirudisha Mubi, kule Walikale, miaka ya vita, wakati meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaamua kuja.

Kwetu ni Muheto, Masisi, juu milimani, ambako baridi ya asubuhi inakufunga vidole na ng'ombe wanatoa mvuke kama sufuria. Mbu kwetu alikuwa habari tu. Tulijua yupo, kama tulivyojua kuna bahari. Kisha vita ikapanda mlima, na sisi tukashuka. Tulifuata njia ya Walikale, tukalala Kibua kwa watu tusiowajua, tukaendelea mpaka baridi ikabaki nyuma na miti ikaanza kuficha mbingu. Pale Mubi miguu ya Mama ikakataa. Msifikiri tulichagua Mubi. Uchovu njo, yaani ndio, ulichagua. Watu wakiongea juu ya vita wanaongea juu ya risasi. Mimi nikiulizwa nasema vita ni kusinzia umesimama, na kuamshwa ili uende kusinzia mahali pengine.

Tulikuwa Mama, mimi, mdogo wangu Ino ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni, na Koko, yaani mama yake Papa. Papa alibaki nyuma na ng'ombe, akisema atatufuata. Koko alikuwa mrefu na mkavu, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee. Aliona umbo la mtu lakini si sura yake. Alikujua kwa sauti, kwa nguo, na kwa namna unavyokanyaga.

Aliyetupokea aliitwa Ana Ofeli. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa rozari na wa misa ya asubuhi, mwenye duka la chumvi, sabuni, betri na sardini, kando ya kijito. Jina lake lilichorwa ukutani kwa rangi nyekundu, ila mchoraji aliishiwa nafasi, kwa hiyo herufi za mwisho zilipinda zikashuka kuelekea mtaroni kama zinakwenda kunywa maji. Bwana yake alikuwa dereva wa lori, mtu mpole kupita kiasi. Alifika, akanywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, akalala, akaondoka. Ana Ofeli alitupa depo yake, chumba cha nyuma alichowekea mizigo, tukalala katikati ya magunia ya chumvi. Mama alimshukuru mpaka akakatazwa.

Mbu wa Mubi nao walitupokea. Nafikiri damu ya mlimani kwao ilikuwa kama jibini. Baada ya muda mfupi Ino akashikwa na homa ya malaria, ile tunayoita palu. Mwili ukachemka, macho yakawa meupe, na kilio chake kikawa kidogo kama cha paka wa jirani. Mama alikuwa anakwenda kulima mashamba ya watu ili tule, kwa hiyo ni Koko aliyembeba mpaka sante, kile kituo kidogo cha afya kando ya barabara. Mimi nilikwenda kama macho yake.

Siku hiyo mvua ilipiga manjanja, yale mabati ya paa, kama mtu anamwaga kokoto. Akina mama walijaa, watoto walilia kwa zamu na wengine bila zamu. Muganga, yaani nesi wa pale, kijana wa sauti ndogo, alibandika ukutani mchoro wa mbu wa aina tatu, akaanza kufundisha. Mimi nilisogea mpaka mbele. Koko alibaki benchi la nyuma kabisa, Ino kifuani, sikio moja kwa muganga na jingine kwa mvua.

"Muangalie," muganga akasema. "Huyu wa kwanza iko na mugongo ya kupinda, rangi ya udongo. Njo ile inaimbaka mu sikio. Wa pili iko mweusi, iko na alama nyeupe kwa miguu, inaumaka muchana. Wa tatu njo adui yetu. Anofele. Iko na madoa kwa mabawa. Ikikaa, inaweka kichwa chini, matako juu. Inapenda kando ya maji. Inaingiaka jua ikizama, polepole, haina kelele mingi. Na mukumbuke, ni mwanamuke njo anakunywaka damu. Bwana yake hana neno. Yeye anakunywaka tu sukari ya maua."

Walitupa vidonge vya kinini vya Ino, tukarudi chini ya jani la mgomba. Njia nzima Koko alimbana Ino kifuani.

Sasa ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Mniwekee hesabu ya umri. Na mnisamehee pia Kiswahili chetu cha Kivu, ambacho hakina ubaguzi: jiwe iko, Mungu iko, mbu iko, mama wa duka iko. Kwa mtu aliyeuona mchoro, muganga aliongea juu ya mdudu. Kwa mtu asiyeuona, akiwa nyuma, chini ya mvua ile, muganga alimtaja mwanamke mmoja kwa jina lake la ubatizo, akaeleza nguo yake, nyumba yake, saa yake ya kuingia, na mpaka chai ya bwana yake.

Kwa maana Ana Ofeli alikuwa na kikwembe, yaani kitenge, cha madoadoa alichokipenda, chenye mikono mipana kama mabawa. Kila magaribi, jua likizama, aliingia depo kuchukua chumvi ya kesho. Aliingia kwa vidole vya miguu ili asiamshe mgonjwa. Halafu aliinama juu ya gunia, kichwa ndani, na sehemu nyingine mnajua ilibaki wapi.

Mimi somo lile lilinipandisha kichwa. Kila asubuhi, Mama akishakwenda shambani, nilipita kando ya ukuta wa depo kukagua waliolala na sisi. Walikuwa wameshiba, wazito, hata kuruka wanaona kazi. Nikawaita majina kama mwalimu. Yule wa mgongo wa kupinda nikamwita Kibyongo. Yule mweusi mwenye miguu ya mistari myeupe nikamwita Mwanafunzi wa Masista, kwa ajili ya soksi. Nikajifunza kutazama kichwani: mwenye manyoya mengi kama brashi ya kusafishia chupa ni mume, mwachie aende zake. Yule wa tatu alikuwa na vijiti viwili pembeni ya mrija wake, virefu sawa na mrija wenyewe, kama mtu aliyekuja kula na midomo mitatu. Mabawa yake yalikuwa kama yamerukiwa na wino. Naye alikaa vile vile muganga alivyosema, ameegemea ukuta kwa kichwa, nyuma juu. Huyo sikumtafutia jina. Anofele lilikuwa tamu lenyewe mdomoni, nikalitamka kila asubuhi kwa sauti, na Koko kila asubuhi alifunga macho kama mtu anayesikia tusi kanisani.

Kisha nikaona mambo. Ana Ofeli alileta sombe, yaani kisamvu, Koko akaisukuma pembeni akasema ameshiba, na tulijua wote kwamba hajala. Ana Ofeli alileta mustikere, chandarua kipya cha buluu, akasema, "Mama, mufunikie mutoto." Koko akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akangoja atoke, akaikunja, akaikalia. Jua likizama na nyayo zile zikaingia, alimgeuza Ino uso ukutani na kumfunika kwa mwili wake. Nikamweleza Mama. Mama akavua viatu vyenye matope, akaniangalia kama mtu aliye chini ya maji.

"Umuache," akasema. "Anataka kurudi Muheto. Kila kitu ya hapa itamuchukiza."

Akalala kabla hajamaliza kuvua kiatu cha pili.

Ila Koko alikuwa ameshamnong'oneza mama mmoja pale tunapochota maji. Kunong'ona kwa Mubi kunapanda pikipiki. Watu wakaanza kununua chumvi ng'ambo ya barabara. Mama mmoja akipita mbele ya duka alifunika kichwa cha mtoto kwa kiganja. Ana Ofeli alidhani ni biashara imelala, akapangusa sardini zilizokwisha kupanguswa. Na Ino, baada ya kupata nafuu kidogo, homa ikamrudia. Mustikere ilikuwa bado chini ya Koko.

Asubuhi moja nilikuwa kazini ukutani.

"Koko," nikasema, "leo Anofele iko watatu. Zote zimejaa damu ya Ino."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Punguza sauti. Iko hapo mu duka, atasikia."

"Nani atasikia?"

"Huyo unataja."

"Koko, Anofele iko hapa kwa ukuta."

"Mutoto, mi naona vibaya, lakini sijakuwa mujinga. Ule mwanamuke mukubwa vile hawezi kukaa kwa ukuta."

Nilicheka mpaka nikaangukia gunia. Nilicheka peke yangu. Nilipomaliza, Koko alikuwa bado ameshika mahali mkono wangu ulipokuwa.

"Uiweke kwa mukono yangu," akasema.

Nikaipiga moja kwa kandambili, nikaiweka kiganjani mwake. Akaigusa kwa kidole, akaitafuta tena kana kwamba imepotea.

"Hii? Kitu haina hata uzito?"

"Njo hii."

"Uniambie mwili yake. Polepole."

Nikamwambia. Nikisema madoa, yeye anasema "kikwembe." Nikisema jua likizama, anasema "chumvi." Nikisema kichwa chini, anatikisa chake. Tulipofika kwa bwana yake na sukari, akaketi juu ya mustikere, na kile kiganja kilibaki wazi.

"Kwa bariere, kule walifungaka njia," akasema baadaye, "wale watu wa bunduki walituangalia vile vile. Pua. Urefu. Namna muntu anasimama. Wakanitoa mu mustari. Walisema mwili yangu inaonyesha." Akapangusa kiganja kwenye nguo. "Na mi nimemufanya mwenzangu ile ile."

Papo hapo mbele ya duka sauti za wanaume zilikuwa zimeanza.

Nilichungulia kwa mlango wa kati. Walikuwa vijana wa mtaa, na nyuma yao watu wa kutazama, ambao Mubi hawakosekani hata kwa lori kutoboka gurudumu. Aliyesimama mbele alikuwa motari, kijana wa pikipiki ambaye siku zile zile alikuwa amemzika mtoto wa dada yake. Hakuwa amelewa. Alikuwa amechoka kama sisi wote, na uchovu ulikuwa umepata mahali pa kwenda.

"Mama Ofeli," akasema, "utoke tuongee. Batoto wanaisha."

Ana Ofeli alikuwa nyuma ya meza, mkono juu ya mizani. "Uongee hapo. Mi nasikia."

"Wanasema ni weye njo unaletaka palu. Tunataka uondoke. Leo, na vitu yako."

Hata mimi, na meno yangu pungufu, niliweza kufuata hesabu ile. Ana Ofeli akiondoka, depo inaondoka. Mustikere inaondoka. Ino atalala wapi na homa yake, chini ya mti gani. Na yeye mwenyewe, peke yake, bwana yake yuko njiani na lori, atapita katika barabara ile na jina lile akielekea wapi.

Koko akapita kando yangu. Alitembea akishika magunia, halafu ukuta, halafu meza, mpaka akafika mlangoni mbele yao. Akasimama na urefu wake wote.

"Hiyo maneno ni mimi njo niliileta," akasema. "Nilisikia vibaya. Muganga alitaja jina ya mududu, mi nikasikia jina ya muntu."

Motari akashusha sauti, kwa heshima. "Koko, usiogope. Alikutisha?"

"Hapana."

"Sasa mududu na muntu wanafanana wapi, mpaka mama muzima kama weye anakosea?"

"Mbu. Inaitwa Anofele. Iko na madoa kwa mabawa. Inapenda kando ya maji. Inaingiaka magaribi."

"Mbu zote zinaingiaka magaribi, Koko," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, na baadhi wakanung'unika. Niliona wanaanza kufikiri kwamba amepewa chumvi ili aseme.

"Hii inajulikana kwa kukaa," Koko akasema.

Akageukia ukuta wa duka, pale chini ya jina jekundu. Akaweka viganja viwili ukutani. Kisha mama yake Papa, ambaye sikuwahi kumwona hata kukaa chini bila kufunika magoti, akashusha kichwa mpaka kikagusa matope ya ukuta, akanyoosha miguu, na kuinua nyuma juu, juu kabisa, mbele ya barabara nzima.

"Inakaaka hivi," akasema kutoka kule chini. "Yule wa kelele anakaa mugongo ya kupinda. Hii, hivi. Mukiiona hivi kwa ukuta, njo inaua batoto. Si mama huyu."

Mtoto mmoja akapasuka kwa kicheko, mwenzake akafuata, na barabara yote ikabomoka. Wanawake walishikana. Mtu akaangusha bidoni ya maji. Motari aligeuza uso, akakohoa, akajitahidi, akashindwa, akacheka mpaka machozi, na machozi hayo yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Mimi nilicheka kuliko wote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Muheto kucheka na watu wengi.

Mtu akasema, "Aksanti, Koko Anofele," na jina likakaa. Wakatawanyika wakiliimba.

Ana Ofeli akazunguka meza, akaleta kiti kidogo.

"Mama, ukae. Umechoka."

"Unisamehe, mwanangu."

"Ukae kwanza. Hata mi nimechoka."

Wakakaa wawili pale, kama watu wanaongoja lori. Baadaye Ana Ofeli alipanda juu ya gunia, akafunga kamba za mustikere kwenye misumari, na Koko akaingia chini yake na Ino. Sahani ya sombe ilipokuja, aliila yote. Tangu siku hiyo, kila magaribi, kabla ya kuingia kuchukua chumvi, Ana Ofeli alisimama mlangoni akasema, "Hodi. Iko muntu." Ino alipona. Sasa ana miguu mirefu na ananiibia sabuni. Papa alifika baadaye, bila ng'ombe.

Koko aliitwa Koko Anofele mpaka alipokufa, kule kule Mubi, na hata siku ya kumzika kuna mtu alilitaja jina hilo akajishika mdomo.

Hadithi hii niliipenda. Shuleni ni mali yangu: nikiisimulia ninasimama ukutani, ninashusha kichwa, ninainua nyuma, na darasa zima linakufa. Likizo iliyopita niliifanya nyumbani mbele ya wageni. Wageni wakacheka. Mama aliendelea kumenya muhogo. Walipoondoka akasema, bila kuniangalia, kana kwamba anaongea na muhogo:

"Kwetu Muheto, wanaume wakishikiana mupanga juu ya mupaka ya shamba, wanamuita Koko wako. Akisema mupaka iko hapa, mupanga inarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza mara mbili."

Nikangoja. Mama yangu hasemi maneno mengi kwa siku moja.

"Kwa kila bariere walitutoa kitu. Sufuria. Blanketi. Viatu ya Papa yako nilibeba. Ile neno yake hakuna aliyeweza kuitoa." Akachukua muhogo mwingine. "Aliitoa yeye mwenyewe, pale mulangoni. Na alijua. Pale Mubi, nyuma ya ile siku, nani alimuuliza kitu tena?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka waliomwomba aoneshe tena vile mbu anavyokaa. Sikumkumbuka hata mmoja aliyekuja kumwomba neno.

Tangu hapo ninautafuta uso wake wa siku ile, wakati barabara nzima inacheka, nijue kama naye alicheka pamoja na sisi. Viganja vyake ukutani ninaviona. Miguu yake mirefu iliyokuwa inatetemeka kwa kunyooka ninaiona, na pindo la nguo lenye matope. Uso siuoni. Alikuwa ameuinamisha chini, kama tulivyomtaka.